Maksai Aliyefika Mstari kwa Mstari

Kilichofika kwanza kilikuwa mbingu. Kaka yangu, aliyekuwa akiziba pancha za malori kando ya barabara kuu pale Mikumi, alitupigia picha ya ng'ombe, lakini aliinua simu juu mno. Kwa hiyo sisi watatu tuliokaa kwenye gogo nyuma ya nyumba yetu, upande wa Mvumi, tulianza kwa kuletewa anga. Ukanda mmoja wa buluu. Ukanda wa pili. Kisha ikatulia, alama ndogo ikizunguka, kisha ukanda wa tatu.

"Hiyo ni nini?" aliuliza jirani yetu.

"Mbingu, mama."

"Mbingu ninayo hapa," alisema. "Nataka maksai wangu."

Alikuwa mjane wa Kisukuma aliyehamia kwetu na mumewe kutoka kanda ya ziwa. Mume alipofariki, alibaki na watoto wadogo na maksai wawili wa kukokota plau. Mmoja alipotea siku tano kabla ya asubuhi hiyo. Jana yake jioni kaka alipiga simu kusema kwamba huko Mikumi mwenyekiti wa kitongoji amemfunga maksai mgeni, na kwamba mtu mmoja ameshajitokeza kumdai. Mwenyekiti angengoja hadi jua la kesho lizame. Asipotokea mdai mwingine, huyo wa kwanza angeondoka naye. Kama ni maksai wa jirani yetu, aliyemfikisha mbali hivyo, miguu yake mwenyewe au mkono wa mtu, hatukujua.

Basi la kwenda Kilosa mjini, ambako angeunganisha safari ya Mikumi, lilikuwa moja tu kwa siku, la saa nne asubuhi. Ugumu ulikuwa hapo. Mvua ya kwanza ilikuwa imenyesha, udongo umelainika, na ndugu yake wa ng'ambo ya mto alikuwa amemwazima ng'ombe, kwa siku hiyo moja tu, amfunge nira na yule aliyebaki. Akienda Mikumi akakuta ng'ombe wa mtu mwingine, siku ya kulima imekwenda na haitarudi. Akibaki kulima, na kumbe yule ni wake, amempoteza kabisa. Ndiyo maana alikuja kwetu umande haujakauka. Nilimwamkia shikamoo, akaitika marahaba, na kabla hajaketi akaniuliza kama ni kweli simu yangu inaweza kuona Mikumi.

Nilikuwa na miaka kumi na tisa, nimemaliza kidato cha sita, nasubiri matokeo. Simu nilinunua kwa vibarua vya kuvuna ufuta. Soko la mawasiliano lilikuwa limefunguliwa, kampuni za simu zilikuwa zikigombania hata vijiji vyetu, na minara ilikuwa ikiota vilimani. Mimi nilijiona mtu wa dunia. Baba yangu, ambaye ujanani alikuwa akifunga safari hadi Kilosa mjini ili tu kupokea simu, aliitazama simu yangu jinsi anavyotazamwa mgeni ambaye bado hajaeleza shida yake.

Kabla ya picha tulijaribu maneno. Kaka alisema maksai ni mwekundu.

"Mwekundu!" Jirani alicheka kwa masikitiko. "Mwekundu wa namna gani? Kama kutu? Kama udongo wa kichuguu? Kama mahindi ya kuchoma upande ulioungua?" Akataja kwa Kisukuma rangi ambayo hakuna kati yetu aliyeweza kuipa jina jingine. Hapo nikamwambia kaka atume picha kwa barua pepe.

Na mbingu ikaendelea kushuka. Baada ya mbingu ukaja ukingo wa kilima, buluu iliyokolea zaidi, halafu vilele vya miti. Sijui nielezeje. Leo natazama filamu nzima kitandani bila kusubiri hata pumzi moja, na sikumbuki nilichotazama juzi. Lakini vile vilele vya miti nina hakika navyo mpaka leo. Mahali ambapo kwa miguu palikuwa mbali kiasi cha kulala njiani palikuwa pakishuka kiganjani mwangu, kama mkeka unaokunjuliwa na mtu tusiyemwona. Tulikuwa tumesogeza vichwa karibu hata nikasikia pumzi ya jirani ikikatika kila ukanda ulipokatika.

Baba alikaa ncha nyingine ya gogo, ananoa jembe, anajifanya hayupo. Mwaka uliopita ng'ombe wa mama huyu walikula robo ya shamba letu, na tangu siku waliposuluhishwa hawakuitana tena kwa heshima ya kawaida. Baba alimwita Mama Ng'ombe. Jirani alimwita Baba Mahindi.

"Mama Ng'ombe," alisema bila kuinua macho, "ng'ombe wako ni wa ajabu. Kwenye simu anachelewa. Shambani kwangu walikuwa wanafika kabla ya jogoo."

"Baba Mahindi, nyamaza. Huyu hajala mahindi yako. Ana adabu kuliko wewe."

Ncha za pembe zikatokea. Mbili, nyembamba, zimepinda kuelekeana. Jirani akashika goti langu kwa nguvu.

Simu ikaita.

Alikuwa kaka. Na kwa mtandao wetu wa wakati ule, ule uliojionyesha kwa herufi E moja pembeni ya kioo, simu ikiita picha inakufa.

"Imefika?" aliuliza.

"Ilikuwa inafika! Umeikata! Usipige!"

"Basi samahani. Nilitaka kujua tu kama imefika."

Nikaanza upya. Mbingu. Mbingu. Kilima. Miti. Ncha za pembe. Simu ikaita.

"Sasa hivi imefika?"

Jirani alininyang'anya simu. "Mwanangu, mama yako hujamwamkia? Haya, marahaba. Ukipiga tena nitakuja Mikumi kwa ajili yako, si kwa ajili ya ng'ombe."

Huko kwa kaka, kando ya barabara kuu, picha ziliruka mara moja. Hakuweza kuamini kwamba kitu alichokituma kwa kufumba na kufumbua kilikuwa bado njiani, kinatambaa. Upendo wake ndio uliokuwa ukitukatia. Na juu ya hayo, chaji ilikuwa imebaki kijistari kimoja, na jua lilikuwa limefika juu ya paa la jiko. Basi lingepita muda si mrefu.

"Pembe si zake, mama?" nilisema. Nilitamani aseme ndiyo. Nilitamani simu yangu iwe imefaa.

"Pembe za namna hii ni nyingi kama mawe. Nioneshe shingo." Akaeleza, kwa utulivu uliokuwa ukimgharimu. Huyu maksai hufungwa kushoto, na tangu alipofundishwa nira huwa anamwegemea mwenzake wa kulia. Miaka ya kuegemea imemchubua shingo upande wa kulia, manyoya hayaoti tena, pamebaki upara wenye ukubwa wa kiganja. "Anayedai ng'ombe anaweza kusema pembe. Hawezi kusema upara."

Hapo baba aliweka jembe chini. Akanyoosha mkono, nikampa simu bila kujua anataka nini. Akaenda nayo katikati ya shamba, kwenye dungu, ule ulingo wa miti aliojenga mwaka uliopita ili aone mapema ng'ombe wa Mama Ng'ombe wakija. Akapanda ngazi, akasimama juu, akaelekeza simu upande wa Kilosa kulikokuwa na mnara.

"Bonyeza palipoandikwa fungua!" nilipiga kelele.

"Nimebonyeza! Mbingu!"

"Endelea!"

"Naendelea na nini? Yenyewe ndiyo inaendelea!" Akageuza simu kidogo. "Kilima. Miti. Pembe. Mama Ng'ombe, sikio. Jicho..." Sauti yake ikashuka, hata ikabidi tusogee. "Jicho linanitazama."

Kwa mbali, kwenye daraja, basi lilipiga honi.

Jirani alisimama chini ya dungu, uso juu, mikono imeshika nguzo. Sijawahi kuona mtu akimtazama mtu mwingine hivyo, kana kwamba baba ndiye kioo chenyewe.

"Shingo," alisema.

"Inakuja. Inakuja. Nyekundu... Nyekundu... Subiri." Baba alisogeza simu karibu na macho. "Hapa hapana manyoya."

"Ukubwa gani?"

Baba akafungua kiganja chake cha kushoto, akakiweka hewani, juu ya vichwa vyetu.

Jirani aliachia nguzo. Alikimbia. Alikimbia akiwa peku, kandambili mkononi, na aligeuka mara moja tu, akaonesha shamba lake na ng'ombe wa kuazima aliyefungwa kwenye mti. Baba akamjibu kutoka juu: "Nenda! Mimi nipo!"

Baadaye, mjini, nimewahi kukaa na waandishi wenzangu wakabishana kama simu za mkononi zinahitaji mtandao wa kasi zaidi, na mmoja akasema kwa uzuri sana kwamba kasi imetunyang'anya kusubiri. Niliwahi kuandika hivyo hata mimi. Lakini siku ile nilikuwa mtu pekee kwenye lile gogo aliyefurahia kusubiri, na sikuwa na ng'ombe wa kupoteza. Tunaihitaji kasi. Mama yule alistahili kuiona shingo ile kabla chai haijapoa, akavaa kandambili zake, akatembea hadi kwenye basi kama mtu mzima.

Baba, ambaye maisha yake yote alilima kwa jembe la mkono, alishika plau ya mjane. Mimi nilitangulia na kamba. Simu ilizimika adhuhuri, picha haijafika miguuni.

Jirani alirudi siku ya nne, kwa miguu, maksai mbele yake, wote wawili rangi ya vumbi. Mwenyekiti alikuwa amemuuliza kila mdai alama moja isiyoonekana kwa mbali, na ni mama huyu peke yake aliyeutaja upara. Kabla ya kufika nyumbani kwake alisimama ukingoni mwa shamba, akaitazama mifereji yetu ya plau, iliyoanza vizuri, ikapinda, ikapotea, ikarudi.

"Baba Mahindi, hapa alipita nyoka?"

"Mtandao ulikuwa hafifu," alisema baba.

Mama Ng'ombe alicheka mpaka akakaa chini. Kisha akainuka, akawafunga nira wale wawili, wa kushoto na wa kulia, arudie pale tulipoharibu. Hatua ya tatu, bila kuambiwa, yule wa kushoto aliinamisha shingo yake na kumwegemea mwenzake.