Kitambaa Nilichoziba Nacho Kompyuta

Mjukuu wangu wa kike anatengeneza video za harusi sebuleni kwangu, hapa Gungu. Kompyuta yake ni ya mezani, aliinunua imeshatumika, na ilikuwa nzito kama mzee anayepanda ngazi. Siku moja akaniambia kuna programu ya kuongeza mwendo wa prosesa, ule ubongo wake, bila kufungua hata skrubu moja. Akapandisha kidogo, akaijaribu, akatazama joto, akapandisha tena. Mashine ikachangamka. Akanikumbatia. Mimi sipendi kukumbatiwa ovyo, lakini nilimwachia.

Kesho yake asubuhi nikafagia. Mgongoni mwa kompyuta nikaona matundu wazi, na vumbi la barabara yetu nalijua. Redio yangu ina kitambaa, televisheni ina kitambaa. Nikachukua kimoja nilichofuma mwenyewe, nikayaziba yale matundu, nikakibana kisianguke. Sikumwambia. Kufunika vitu ni kazi ya mwenye nyumba.

Saa sita mchana kompyuta ikazimika. Akaiwasha, ikazimika tena. Akairudisha kwenye mwendo wake wa zamani, ikazimika vilevile.

"Umeilazimisha," nikamwambia. "Ungeridhika na ilichokuwa nacho."

Harusi aliyokuwa akiitengenezea video ilikuwa ya mtaa wa Mwanga, na wageni wa bibi harusi walikuwa wanapanda boti Ijumaa kurudi ng'ambo ya ziwa. Walitaka kuondoka na video yao, na siku ile ilikuwa Alhamisi. Akaweka kiganja juu ya kompyuta, akakiondoa upesi.

"Bibi, inaungua. Joto halitoki kabisa. Nimeiua mwenyewe."

Halitoki. Hapo ndipo nilipoelewa. Nimechemsha mawese miaka mingi, najua jiko lisilo na pa kutolea moshi.

Alipotoka nje uani kumpigia simu mama wa bibi harusi, nilikaribia meza. Ningekichomoa nikakificha kwenye khanga, nani angejua? Lakini nilimsikia akisema kwa sauti ndogo, "Mama, tafuteni mtu mwingine. Mimi kazi hii nadhani siiwezi."

Nikamwita. Nikamgeuzia kompyuta, akaona.

"Nimeziba mimi. Nilikugombeza bure."

Alikitazama kitambaa, akanitazama mimi, akacheka mpaka akakaa sakafuni. "Mke mwenza! Kumbe ulitaka nirudi kwetu nikuachie babu peke yako!"

"Babu yako mchukue. Washa mashine."

Tuliiacha ipoe. Akaiwasha, ikakaa. Akaanza upya kupandisha mwendo, taratibu, na mimi nikamsomea namba za joto, maana namba nazijua. Ilipotulia, akampigia tena mama wa bibi harusi.

"Shikamoo mama. Video mtaipata kesho asubuhi. Kulikuwa na shida ndogo ya umeme…"

"Umeme haukukatika!" nikapaza sauti ili simu inisikie. "Mwambie ni bibi yako aliiziba. Wewe kazi unaijua."