Tata Wangeci Mnayemcheka Ni Dada Yangu

Admini, niwie radhi. Ulinipa nafasi ya kuandika tangu mvua za masika, nami nikanyamaza. Barua hii nimeianza mara nne na kuifuta. Tafadhali ufiche jina langu.

Mimi ni mwanamume wa miaka sabini na mmoja, mwalimu mstaafu wa Kiswahili, na ninaishi nje kidogo ya mji wa Nyeri. Baadhi yenu mnanifahamu hapa kwa jinsi ninavyowasahihisha sarufi kwenye maoni. Leo ni zamu yangu kusahihishwa.

Miaka minne iliyopita niliwaandikia vijana wa kanisa letu mchezo wa kuigiza kuhusu ruracio, yaani mazungumzo ya mahari. Ndani yake mna mhusika anayeitwa Tata Wangeci, shangazi wa bibi arusi. Tata Wangeci hamtazami mtu machoni. Vigelegele vikipigwa, huziba masikio. Wazee wakiwa katikati ya mazungumzo mazito, yeye huanza kutaja aina za maharagwe, na hawezi kuacha mpaka azimalize. Watu humcheka hadi machozi yawatoke. Mchezo umeombwa tena na tena, na nilijivuna.

Mwezi uliopita, baada ya onyesho, alinijia mwalimu mmoja wa kike anayefundisha watoto wenye mahitaji maalumu. Aliniuliza nilimtoa wapi Tata Wangeci. Nikamjibu kwamba nilimbuni.

“Mwalimu, mimi siwezi kumpima mtu wa kwenye mchezo,” akasema. “Lakini niko na watoto watatu darasani wa hivyo hivyo. Huyo Tata anaonekana kuwa na usonji. Na umemwandika kama mtu mliyekaa naye nyumba moja.”

Alikiri kwamba yeye pia alikuwa amecheka, na kwamba hakujipenda kwa kicheko hicho. Tangu siku hiyo sikai mahali pamoja. Ninaanza kupalilia mboga, ninaacha jembe shambani, ninarudi ndani, ninaufungua mchezo, ninaufunga.

Nilimdanganya mwalimu yule. Sikumbuni Tata Wangeci. Ni dada yangu mdogo, ambaye sasa ana miaka sitini na minne na anaishi peke yake karibu na Kerugoya. Tulipokuwa wadogo, baba alimchapa kwa kukataa kuwapa wageni mkono, nami nilimshikilia achapwe. Hatukuwa na neno usonji. Tulikuwa na neno ukaidi.

Binti yangu Wambui alipofanyiwa ruracio, wasichana walifunikwa leso kuanzia kichwani hadi miguuni, kama ilivyo desturi, ili kijana amtambue mchumba wake. Akikosea, upande wake hutozwa faini. Kijana akanyoosha mkono kumwelekea binamu ya Wambui. Kina mama wetu walikuwa wamekwisha kujaza pumzi wapige vigelegele, dada yangu akasema kwa sauti ya kawaida kabisa: “Siye huyo. Wambui ni wa pili kutoka ukutani. Kidole gumba cha mguu wake kimepinda.”

Wakwe wakaangua kicheko. Mchezo huo wa leso ukaharibika. Mimi, mbele ya watu wote, nikamwambia aende akakae jikoni mpaka ajifunze adabu. Akaenda. Miaka kumi na mmoja sasa hajahudhuria sherehe yoyote ya ukoo, iwe harusi, ubatizo au mazishi. Nikimwalika, hunijibu: “Bado sijajifunza.” Nilidhani ananikejeli. Naam, hata maneno yangu ya jikoni niliyatia katika mchezo, na hapo ndipo watazamaji hucheka zaidi.

Sasa vijana wamealikwa kuuigiza mjini Sagana, mbele ya parokia nyingi. Nilimwomba kiongozi wao tuuahirishe. Akanitania, akiniita babu kwa Kikuyu: “Guka, hata Tata Wangeci mwenyewe angekuwa hai angekasirika.” Wamefanya mazoezi miezi miwili, na wazazi wao wameshona mavazi.

Jumamosi iliyopita nilikwenda Kerugoya nimwombe dada yangu msamaha. Nilimkuta uani akichambua maharagwe. Kabla sijaketi, aliniambia kwamba Wambui alimletea nakala ya mchezo nao wakausoma wote, ukurasa kwa ukurasa.

“Baba Wambui, umeandika wa tatu kutoka ukutani. Nilisema wa pili.”

Nikamwambia ni kweli, nilikosea. Akasema Tata Wangeci ndiye mtu wa kwanza katika hadithi ambaye yeye amemwelewa. Wengine wote, katika vitabu vyote alivyosoma, husema jambo moja wakikusudia jingine. Kisha akasema atakuja Sagana. Amekwisha kutenga rinda la kuvaa. Badala ya kuomba msamaha, nikamsaidia kuchambua maharagwe.

Nilipoinuka kuondoka, akaniuliza, bila kuinua macho kutoka kwenye ungo: “Wambui anasema watu hucheka sana. Wanacheka nini?”

Nikamjibu kwamba wanacheka kwa sababu wanampenda. Akaniamini. Maisha yake yote ameamini kila ninachomwambia, kama vile alivyoamini jikoni.

Ndugu zangu, zimebaki siku tisa. Nikiuzuia mchezo, nitakuwa nimemfukuza mara ya pili, siku aliyokubali kurudi kati ya watu. Nikiuacha uendelee, ataketi miongoni mwa mamia wanaomcheka, na ataelewa, kwa maana si mjinga. Mchana ninamwandikia Tata Wangeci maneno mapya, jioni ninayachana, kwa kuwa sijui kama kosa liko kwake au kwa kila mhusika mwingine niliyemweka pale kumzunguka. Je, nirudi Kerugoya nimwambie ukweli, hata kama ukweli huo utamrudisha jikoni? Wenye watoto au ndugu wa namna hii, nielekezeni, msinihurumie.

Nitayasoma maoni yenu yote. Nikishaamua, nitawaandikia, liwe jema au baya.