Siku Nne za Bernadette Mjini Brugge

Bernadette alikuwa na miaka arobaini na sita, na kumi na saba kati ya hiyo alikuwa ameimaliza akisuka nywele katika saluni moja katikati ya Durban, juu ya duka la simu. Kwao ni Uvira, mashariki mwa Kongo. Vita vilipowatawanya, yeye alishika njia ya kusini, na mdogo wake Anaïs, aliyekuwa na miaka tisa, alichukuliwa na shangazi yao hadi Ubelgiji. Tangu hapo walionana kwenye simu tu.

Siku moja Anaïs alimwambia, "Yaya, ninaolewa. Sitaki mtu mwingine aguse kichwa changu." Yaya, kwao, ni dada mkubwa.

Usingizi wa Bernadette ukaishia hapo. Hati ya safari ya mkimbizi ilichukua miezi saba kutoka, na visa ikaja wiki moja kabla ya harusi. Kwenda hakukumtisha sana. Kurudi ndiko kulikomtisha, maana ofisa wa uwanjani Durban angeweza kumkatalia kuingia. Aliwahi kulala siku mbili mahabusu kwa sababu polisi walimkuta barabarani, kibali chake kikiwa chumbani kwake, mtaa wa South Beach. Tangu siku ile hakutoka hata kununua mkate bila makaratasi yake, ameyatia kwenye kifuko na kuyaning'iniza kifuani.

Alifika Brugge Alhamisi. Mji wenyewe ni mdogo na wa zamani mno, nyumba za matofali zimebanana kando ya mifereji, barabara ni za mawe. Anaïs alipomkumbatia kituoni, Bernadette aliutazama uso ule wa mwanamke mzima akimtafuta mtoto aliyemwacha. Alimpata kwenye kicheko.

Jumamosi, siku ya harusi, alianza kumsuka alfajiri. Saa tatu, kichwa kikiwa nusu, nywele za kuunganishia zikaisha. Bwana harusi alikuwa ameenda na gari kuwachukua wazazi wake, na bibi harusi hangeweza kutoka vile.

"Iko duka ya Mghana," Anaïs alisema. "Vuka daraja, pinda kushoto. Dakika tano, yaya."

Duka alilipata. Kurudi ndiko kulikomshinda. Alivuka daraja, akapinda, akakuta mtaa asioujua; akarudi nyuma, akakuta daraja jingine linalofanana na la kwanza kama mapacha. Laini yake ya Durban haikushika mtandao. Ndipo alipopeleka mkono kifuani akakuta patupu. Kifuko alikuwa amekitundika nyuma ya mlango wa bafu.

Mbele yake, kwenye kona, alisimama askari wa kike na baiskeli yake. Bernadette aligeuka haraka akashika kichochoro kingine. Alitembea akijiambia asikimbie, kwa maana anayekimbia ndiye anayesimamishwa. Akapita mbele ya kanisa lenye mlango mwekundu, kisha akapita tena, na mara ya tatu saa ya mnarani ikagonga nne na nusu. Ndoa ilikuwa saa sita. Alimwona Anaïs akilini, amekaa kwenye kiti na nusu ya kichwa, akisikiliza mlango.

Akarudi hadi kwa yule askari, aliyekuwa bado pale konani. Alizungumza Kifaransa.

"Madame, nimepotea. Na makaratasi yangu sinayo, yako nyumbani kwa mdogo wangu."

Askari alimtazama, akautazama na mfuko wa nywele. "Mdogo wako ana simu?"

Bernadette akamsomea namba. Askari akapiga kwa simu yake mwenyewe, akazungumza Kiflamandi, lugha ya mji ule, kwa muda, akatabasamu kidogo. "Anasema harusi ni leo. Twende."

Alikokota baiskeli yake, Bernadette akimfuata hatua mbili nyuma, akingojea swali la makaratasi. Halikuja. Walipinda kona mbili tu, na mlango wa Anaïs ukawa huo hapo. Zaidi ya saa nzima alikuwa akiizunguka nyumba.

Kabla ya kugusa kitana aliingia bafuni, akakivaa kifuko. Kisha akasuka kwa vidole vilivyokuwa bado baridi, Anaïs akimwambia, "Polepole, yaya, watatungoja." Wageni waliwangoja dakika ishirini.

Jumapili jioni alipanda ndege. Uwanjani Durban, ofisa alizipitia kurasa za hati moja moja, akairudia ya visa.

"Ulifuata nini kule?"

"Harusi ya mdogo wangu."

Akapiga muhuri. Bernadette alikaa kwenye benchi la nje mpaka pumzi ikamrudia, ndipo akatafuta usafiri.

Kesho yake saluni, mwenzake Matilda alitaka kusikia habari za Ulaya. Bernadette akamsimulia juu ya askari na baiskeli.

"Na wewe mwenyewe ndiye uliyemfuata, bila makaratasi?" Matilda aliuliza.

"Mimi."

Matilda alicheka, akaendelea kuosha kichwa cha mteja.