Kibuyu Kilichokua Mpaka Kikafa

Nikisimulia hili naonekana mjinga, na kweli nilikuwa mjinga, tena mwenye bidii. Mpaka leo nikifungua chupa ya dawa ya magugu, ile harufu inayokwaruza koo inanirudisha kijijini Mungaa, nyuma ya nyumba ya bibi, kwenye kibuyu kilichotambaa juu ya ua wa miiba. Mbegu yake ilitoka kwa mama yake bibi. Mwaka wa njaa panya walizitafuna zote ikabaki moja, nayo ikazaa kibuyu kimoja tu. Bibi alikitegemea kwa chombo cha maziwa, na zaidi kwa mbegu, ukoo wa vibuyu vyake usiishe. Kila asubuhi alituonya, mimi na mdogo wangu Paulina: "Msikinyooshee kidole. Kikinyooshewa kinaoza."

Ndiyo miaka biashara ilipofunguliwa, mnadani vikaja vitu vyote: mitumba, redio, na dawa za shamba zilizopimwa kwenye chupa za soda, bila hata karatasi ya maelezo. Baba mdogo akanunua ya magugu, akaupulizia mtama wake. Kesho yake nikaenda kuchungulia. Mtama umetulia, lakini magugu! Yamerefuka, mashina yamevimba, yanajinyonganyonga kama yako ngomani. Nikasema moyoni, baba mdogo kapigwa, kauziwa dawa ya kukuza. Nikaiba dawa ya kujaa kifuniko kimoja, nikachanganya na maji, nikakimwagia kibuyu cha bibi kiwe kikubwa kama mtungi.

Siku mbili nilikuwa bwana shamba. Mmea ulirefuka kweli, ncha zikajikunja. Halafu majani yakawa manjano, shina likapasuka, kibuyu kikalainika kikadondoka. Kwa baba mdogo nako magugu yote yalikuwa yamelala, mtama umesimama. Siku hizi nauza dawa hizo kwenye duka langu pale Mkiwa, kwa hiyo najua: ni homoni, inauamrisha mmea kukua bila kupumzika mpaka ujimalize. Mtama unavumilia, kibuyu hakiwezi.

Bibi alikipasua kwa kisu. Ndani maji matupu, mbegu hazijakomaa. Akauliza taratibu, "Nani alikinyooshea kidole?"

Paulina akaanza kulia. "Mimi, bibi. Mara moja tu. Nilikuwa naonyesha mjusi."

"Basi umetumaliza, mama."

Kile kifuniko nilichopimia dawa kilikuwa bado mfukoni mwangu. Mdomo wangu, ambao darasani ulichapwa kwa kutonyamaza, siku hiyo ukanyamaza. Wanasema mficha maradhi kifo humuumbua. Mimi hakuna kilichoniumbua. Bibi alikufa akinywea maziwa kwenye kikombe cha plastiki, akiamini ni kidole cha Paulina.

Sasa dukani mteja haondoki mpaka nimsomee karatasi yote, wananiita mchungaji. Mwaka jana Paulina alikuja kununua dawa ya kuku, nikamwambia yote, nikayaweka kimzaha, nikaigiza hata magugu yanavyocheza. Hakucheka. Alifunga mfuko wake, akasema, "Kaka, mimi darasani sikunyoosha kidole mpaka namaliza la saba. Na majibu nilikuwa nayo."