Mwezi wa Kwenda Ureno

Mwanangu, nakumbuka siku moja, saa tatu kamili asubuhi, nimeinama shambani kwetu Mogogosiek nikisoma kipimo cha mvua, dada yangu Chelangat akanipigia simu kutoka Ureno. Ilikuwa Agosti. Alikuwa amefika huko Aprili kumtunza ajuza mmoja.

Kijijini watu walisema wasichana wanaofanya kazi ng'ambo hufungiwa ndani. Mama alikosa usingizi. Akauza mitamba wawili, akaniambia, "Nenda umwone kwa macho yako. Uone anapolala, uniletee neno."

"Kaka, chagua mwezi," Chelangat alisema. "Nina siku kumi tu za likizo mwaka mzima. Jioni hii zinaandikwa, na zikiandikwa hazibadilishwi."

Mimi nilijiona mtu wa vipimo. Miaka minne nilikuwa nimeandika mvua kila asubuhi, siku baada ya siku. Nikafungua daftari. Januari ilikuwa kavu kuliko miezi yote, jua tele, na majani ya chai huwa machache, hivyo shamba halingenililia. Nikamwambia, "Januari." Naye hakupinga, maana hakuwa amewahi kuiona Januari ya huko. Kabla ya saa sita nilikuwa nimemlipa wakala wa tiketi mjini Kericho.

Saa kumi nikaenda kujivuna kwa Mzee Nyakundi, jirani yetu kutoka Kisii, aliyepima mvua katika shamba kubwa la chai hadi alipostaafu. Kipimo changu ni yeye aliyenipa. Alisikiliza, akaweka kikombe chini.

"Huko Januari kunanyesha?"

"Daftari linasema ni kukavu, Mzee."

"Daftari limewahi kufika Ureno?"

Mkewe akacheka hadi akashika mlango. "Mwache," alisema, "atabeba miavuli ya kuuza."

"Kijana," Mzee akaendelea, "wahenga walisema usisafirie nyota ya mwenzio. Wewe umechukua nyota yako ukaitundika kwenye anga ya watu. Kuna mtu wa huko umemuuliza?"

Mwanangu, kuuliza si ujinga, lakini siku ile niliona ni aibu. Nilimpigia Chelangat palepale, masikio yakiwaka, nikamwomba amuulize yule ajuza. Nikasikia sauti ya kizee ikianza maneno marefu, kisha kicheko, na Chelangat akatafsiri. Januari mvua huja na upepo, jua hutua mapema, na nyumba zao za mawe huwa baridi ndani kuliko nje. Agosti ni joto la kuchoma, na vyumba hupanda bei kwa sababu ya wageni. Septemba watu huvuna zabibu, ila yeye huwa kwa mwanawe. "Anasema njoo Mei," Chelangat alisema. "Atanipa ruhusa nikutembeze mchana kutwa."

"Mei!" nililia. "Mei majani yanafurika hapa."

"Majani nitayasimamia mimi," Mzee alisema. "Dada yako si chai, hachumwi mara mbili kwa wiki."

Nilikwenda Mei. Nilikuta miteremko ya zabibu imekatwa ngazi kwa ngazi, mikali kuliko yetu, nikashangaa wenyeji huyapeleka wapi maji ya mvua. Nilimuuliza kila mkulima tuliyempita, Chelangat akichoka kutafsiri. Nililiona dirisha la chumba chake, na ufunguo aliokaa nao mwenyewe. Niliporudi nilimweleza Mama habari ya ufunguo huo kwanza, na usiku ule akalala.

Sasa nawe unaniuliza msimu bora wa kwenda kule kusini mwa Ulaya. Jua kwanza unakwenda kuona nini au nani, kwa sababu anayetaka mavuno na anayetaka maua hawasafiri mwezi mmoja. Kisha muulize anayeishi chini ya mvua ile, hata kama ni muuza mboga. Tiketi iwe ya mwisho. Usichague mwezi kwa sababu shamba lako limepumzika. Dunia haipumziki pamoja nasi.

Mungu akufungulie njia, akupe wenyeji wema, akurudishe na neno la kumlaza mama yako usingizi. Mimi, kwa kuhamisha tiketi kutoka Januari hadi Mei, nilipoteza shilingi elfu kumi na nane na mia nne.