Bandeji Iliyohama Mguu

Mume wangu alipenda kichekesho kimoja cha hospitali kwenye televisheni, nami nilipenda kukamata makosa ya watengenezaji. Jioni moja, tukikitazama nyumbani kwetu Naguru, mgonjwa aliingia wodini na bandeji mguu wa kushoto. Daktari alipogeuka tu, bandeji ikawa mguu wa kulia.

"Umeona upuuzi huo?" nikafoka. "Wanadhani sisi vipofu?"

Mume wangu alicheka hadi akashika tumbo. "Mama watoto, nani anaangalia mambo kama hayo?"

Mimi ninaangalia. Nikamtazama yeye. Asubuhi alikwenda kazini na shati lililokatika kifungo cha juu, nikamwahidi kukishona akirudi. Sasa kifungo kilikuwa kimeshonwa vizuri, kwa uzi mwekundu.

Nyumbani kwetu hatuna uzi mwekundu.