Ijumaa Tulizongoja Mtandao Koboko

Ofisi ile ya intaneti pale Arua mjini inanukia plastiki mpya na rangi ya ukuta, na siku hiyo ilinukia pia chapati, kwa sababu kijana wa mezani alikuwa anakula. Nilisimama mbele yake na mwanangu Salma mgongoni, rauta, kile kisanduku chao cha intaneti, mkononi nimeizungushia waya wake kama mtu anayemrudisha sokoni kuku aliyeuziwa mgonjwa. Nilikuwa nimetoka Mvara kwa boda, nimenyeshewa njia nzima. Kijana akafuta mafuta vidoleni, akaitazama rauta, akanitazama mimi, akatabasamu. "Mama, tulia kidogo. Wiki ijayo mafundi itakuja, mtandao itashika tu." Maneno yale yale aliyoniambia nilipokuja mara ya kwanza, na tabasamu lile lile. Sijui niliiwekaje rauta mezani, najua tu kwamba chai yake ilimwagika. "Sema haifiki!" nilipiga kelele. "Mtandao yenu haifiki nyumbani kwangu, na wewe unajua. Sema, nisikie kwa mdomo yako!" Salma akaamka akilia. Mwanamke mmoja kwenye foleni akamnong'oneza mwenzake, kwa mnong'ono ambao ofisi nzima iliusikia, "Huyu iko na shida na bwana yake, siyo na mtandao." Watu wakacheka. Askari wa mlangoni akaja na rungu lake, akasimama nalo tu, hakujua amtishe nani.

Yule mwanamke alikosea. Bwana yangu ni mwanajeshi, yuko kazini nje ya nchi, na hatuna shida. Salma anamwona karibu kila jioni kwenye simu yangu. Amemwona akinyoa ndevu, amemwona akila maharage kwenye bakuli la bati, amemgombeza kwa kukaa bila shati. Rauta niliinunua ili tumwone kwa picha kubwa isiyokwamakwama. Ilipokataa tukarudi kwenye simu, basi. Hakuna aliyekufa. Kwa hiyo mtu ana haki ya kuuliza kwa nini mwanamke mzima, aliyesoma mpaka sekondari, anafoka mbele za watu mpaka mate yanamtoka. Jibu liko Koboko nilikokulia, katika msimu mmoja wa mvua nilipokuwa darasa la nne, wakati baba yangu alipokuwa anachagua kampuni ya kutuletea intaneti nyumbani.

Nyumba yetu ya Koboko ilikuwa na unga kila mahali. Baba, jina lake Juma, alikuwa na mashine ya kusaga muhogo na mtama, na vumbi lake lilikaa kwenye nyusi zetu, kwenye mapazia, hata kwenye nguo zetu za sikukuu ya Idi. Injini ikizimwa jioni, masikio yalibaki yakivuma peke yake. Mama hakuwepo. Alikuwa amekwenda Uarabuni kufanya kazi za ndani, akamwacha mdogo wangu Rehema akiwa bado hajajua kukaa bila kuegemezwa. Tulilelewa na mama yake baba, ambaye tulimwita haboba, kama bibi wengi wa Kiislamu wa kwetu wanavyoitwa. Mama alipiga simu siku za Ijumaa, na kila alipopiga aliomba simu iwekwe sikioni kwa Rehema. Rehema aliilamba. Alipoanza kusema, neno "mama" alimpa haboba. Haboba alimkatalia, akamwambia, "Mimi haboba. Mama yako iko mbali, anakuja," lakini mtoto wa umri ule hajui mbali ni nini. Ijumaa moja mama akasikia kwenye simu Rehema anaita, "Mama! Mama!" Akaitika kwa furaha, "Naam, mwanangu, naam!" Sisi tukanyamaza wote. Haboba alikuwa anaingia na bakuli la uji, na mtoto alikuwa anamtambalia yeye. Nadhani ukimya wetu ulimfikia mama kule aliko, kwa sababu alikata simu bila kuaga.

Alipopiga tena alikuwa na shauri. Bibi mwenye nyumba aliyofanyia kazi alikuwa na kompyuta yenye kamera, na alikuwa amemruhusu kuitumia Ijumaa baada ya swala. "Tafuteni intaneti," alisema. "Aone uso wangu kabla sijawa sauti tu kwake." Baba hakubisha. Mjomba aliyekuwa mwalimu akatuazima kompyuta, umeme ungetoka kwenye jenereta ya baba. Kilichobaki ni kuchagua kampuni, na hapo ndipo mambo yetu yalipoharibika.

Siku hizo mtu wa Koboko kuwa na intaneti nyumbani kwake ilikuwa jambo la kusimuliana. Baba alipanda lori la mihogo mpaka Arua kuuliza. Katika ofisi ya kwanza alimkuta bwana mwembamba aliyemuuliza tunakaa wapi hasa, akafikiri, akamwambia, "Koboko sisi bado hatujafika, mzee. Nisikudanganye. Tafuta ya Kongo, mnara yao iko karibu na nyinyi." Baba alirudi akicheka mpaka akakohoa. "Muuzaji gani huyo anakataa kuuza? Biashara hajui." Kampuni ya pili haikungoja kufuatwa. Ilikuja yenyewe na gari lenye spika, ikagawa miavuli sokoni, na kijana wao mmoja akaja mpaka kwetu. Ukutani palikuwa na picha ya babu akiwa amevaa sare ya jeshi. Kijana aliitazama, akapiga saluti, na tangu hapo akamwita baba "afande". Baba hakuwahi kuvaa sare maishani mwake, lakini niliona shingo yake ikinyooka. "Tunafunga dishi leo, afande. Mnara ya upande huu itawashwa wiki ijayo." Baba akatia sahihi pale pale, juu ya gunia la unga.

Ilikuwapo njia nyingine, na ilikuwa karibu kuliko zote. Jirani yetu Mama Poni, muuza samaki wakavu, alikuwa na modemu ndogo yenye laini ya Kongo. Mpaka hauko mbali na kwetu, na mtandao wa ng'ambo ulivuka bila kumwonyesha mtu kitambulisho. Mama Poni alikuwa anaongea na kaka yake kwa kamera kila alipotaka. Alisikia habari zetu, akaja akasimama mlangoni akipunga nzi. "Baba Zaitun," alisema, akimwita kwa jina langu, "lete mutoto kwangu. Amuone mama yake, arudi. Intaneti ya Kongo haina harufu ya samaki, bana."

"Asante," baba alisema. "Lakini mke yangu hawezi kuingia nyumba yangu kwa kupitia Kongo."

Haboba aliruka kama aliyekanyaga moto. "Wewe Juma! Nilikuzaa ukimbizini huko huko. Ulikunywa maji ya Kongo, ukakula muhogo ya Kongo, ukaota meno. Leo Kongo iko na ukoma?" Baba akaenda kuwasha mashine. Nilipokua ndipo nilipoelewa. Huko ukimbizini baba alikuwa amemwona babu yule wa kwenye picha, mtu wa sare na vifungo, akilima shamba la watu kwa kulipwa bakuli la chakula, akiitwa majina mbele ya watoto wake. Waliporudi Koboko baba alijiapiza kwamba upande ule hataomba tena kitu. Sikatai kwamba yalikuwa majivuno. Lakini majivuno yake yalikuwa na kidonda chini yake, na kijana wa miavuli alikipapasa bila kujua.

Basi tukaanza kungoja. Dishi lilikuwa juu ya bati, njiwa wamelizoea. Kila Ijumaa baba alizima mashine mapema, akawasha jenereta ndogo, haboba akamwogesha Rehema na kumpaka mafuta mpaka anang'aa, mimi nikavaa gauni langu la shule kwa sababu ndilo halikuwa na unga. Tulikaa wote mbele ya kompyuta tukitazama alama ndogo inayozunguka. Mama alipiga simu. "Mmekaa?" Tumekaa. "Mmemvika nini?" Gauni la manjano. "Mimi nimevaa kijani, nimepaka wanja. Mimi huku najiona mwenyewe tu kwenye kioo hiki." Halafu anacheka, na mimi nacheka, na baba anatoka nje kumpigia kijana wa kampuni. Mnara umepata hitilafu. Fundi yuko njiani. Mvua imeharibu. Wiki ijayo, afande.

Kisha ikaja Ijumaa ambayo baba alishindwa. Mama alikuwa ameanza kukohoa kwenye simu, na sauti yake ilikuwa imechoka, ingawa alisema ni vumbi la kufagia. Baba akamtazama Rehema aliyekuwa amelala kwa kungoja, mdomo wazi. Akainuka, akambeba, akatoka nje, akashika njia ya kwa Mama Poni. Mimi na haboba tukamfuata kwa mbali, tukiogopa hata kupiga chafya. Alikuwa ameshafika kwenye ua wa Mama Poni, mkono umeshika mlango wa mabati, simu yake ikalia. Ni kijana wa miavuli. Tuliisikia sauti yake kwa sababu baba alizoea kuweka simu mbali na sikio lililoharibiwa na injini. "Afande, habari njema! Wiki ijayo, hakika kabisa. Nimeongea na mkubwa mwenyewe." Baba akasimama. Mama Poni alikuwa ameshatoka, anafuta kiti kwa kanga yake. Baba akamwambia, karibu kwa furaha, "Wamesema wiki ijayo," akageuka na mtoto, akarudi nyumbani.

Ijumaa iliyofuata simu haikulia. Iliyopigwa baadaye ilitoka kwa mwanamke mwingine wa Uganda aliyefanya kazi nyumba ya jirani na mama. Alisema ni mapafu, alisema alipelekwa hospitali akiwa amechelewa, alisema wamemzika huko huko. Haboba alilia kwa Kikakwa, lugha aliyoiweka kwa mambo ya msiba. Baba alipanda juu ya bati mwenyewe, akalifungua dishi kwa spana ya mashine, akaliingiza stoo, akaisaga mihogo ya watu siku nzima bila kusimama.

Leo Rehema yuko sekondari, amenizidi urefu. Ana picha moja ya mama, ile ya pasipoti, na kwenye pasipoti hawaruhusu mtu acheke. Huniuliza mama alikuwa anacheka vipi. Najaribu kumwigia, inatoka sauti yangu mwenyewe. Na mwanangu Salma, ambaye hana hata habari ya kitu kinachoitwa kungoja, anambonyeza baba yake akiwa anaongea, anamzima, anamwasha, anamwonyesha kisigino chake chenye mwiba. Baba yangu akitutembelea Mvara, simu ya bwana yangu ikiingia, mzee anatafuta kofia yake na kwenda kukaa nje. Nimeacha kumwita arudi.

Siwezi kusema kampuni ile ilimuua mama, wala ya sasa siyo ile. Ninachojua ni kwamba yule bwana mwembamba, aliyechekwa na baba yangu, alitupa kitu kimoja cha maana, na mwenzake mwenye saluti akatunyang'anya. Mtu akiambiwa hapana, atatafuta njia. Atameza kidonda chake, atakwenda kwa jirani. Baba alikuwa ameshakimeza. Alikuwa ameshika mlango.

Askari yule wa rungu ndiye aliyenisaidia siku ile pale Arua. Alimchukua Salma akambeba, akaniambia pole pole, "Mama, kelele wanasahau. Andika." Kijana wa mezani akasema hawana fomu ya malalamiko ya namna hiyo. Nikamwambia anipe karatasi tupu. Niliandika nimesimama, juu ya meza yenye chai, na nikamlazimisha aigonge muhuri wa kupokelewa. Ilisema hivi:

"Kwa Meneja. Mimi ni Zaitun Juma, mkazi wa Mvara, mteja wenu. Nalalamika kwamba wafanyakazi wenu wanajua nyumbani kwangu mtandao haufiki na bado waliniuzia, na bado wananiambia ningoje. Sidai fidia. Naomba mnipe barua iliyoandikwa wazi kwamba hamfiki kwangu, na barua kama hiyo mumpe kila mteja wa namna yangu, siku ile ile anayouliza, kabla hajaenda nyumbani kumvalisha mtoto."